Matembezi ya kijiji Jambiani: bahari inaelezwa vyema, watu bado

Jambiani iko mwambao wa kusini mashariki mwa Unguja, kati ya Paje upande wa kaskazini na Makunduchi upande wa kusini, na mtu anayetoka Mjini kwa gari anaweza kukipita kijiji chote bila ya kuona zaidi ya kuta za hoteli na maduka ya kando ya barabara. Ndiyo maana nimependa kuitathmini kwa kirefu huduma ya matembezi inayoendeshwa na vijana wa kijiji hicho, ambao humchukua mgeni kwa miguu kutoka pwani hadi kwenye makonde ya maweni, yaani ardhi ya jiwe la matumbawe, na kumweleza kwa nini watu wamekaa pale walipokaa. Tulikwenda kikundi kidogo cha jamaa, wengi wetu walimu wa skuli, tukaomba maelezo yote yawe kwa Kiswahili. Kijana aliyetuongoza alilipokea ombi hilo kwa furaha iliyoonekana wazi, kwani wateja wake wengi ni watalii kutoka nje.

Matembezi huanza maji yakiwa yametoka, na huo ni uamuzi wa busara kuliko mwengine wowote katika huduma hii. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kutoka sana, bahari hurudi nyuma kuelekea kwenye mwamba, ikaacha wazi uwanda mpana wa mchanga, majani ya bahari na vidimbwi, na mtu akisimama katikati yake huliona umbo la kijiji kwa mara moja: ukanda mrefu na mwembamba uliofuata ufukwe, minazi ikiwa mbele na msitu mfupi wa maweni nyuma. Kiongozi alitueleza hapo, bila haraka, kwamba mwamba ndio unaovunja nguvu za mawimbi ya bahari kuu, na kwamba maji matulivu yaliyo ndani yake ndiyo yaliyowapa wanawake wa Jambiani sehemu yao ya bahari. Humo huchokoa pweza, humo hufukia makumbi ya nazi kwa miezi kadhaa chini ya mawe kabla ya kuyatwanga na kusokota kamba za usumba, na humo, tangu kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara Paje na Jambiani mnamo 1989, huwamba kamba zao juu ya vigingi.

Sehemu ya mwani ndiyo iliyonigusa zaidi. Tulikutana na akina mama waliokuwa wakivuna, na kijana wetu hakutukaribisha karibu mpaka alipotoa shikamoo, akaulizia hali zao na kuomba ruhusa kwa niaba yetu. Alipoambiwa kwamba picha hazitakiwi, simu zilirudi mifukoni, na mazungumzo yakawa mazuri zaidi kuliko ambavyo yangekuwa. Tulielezwa tofauti ya aina mbili za mwani: spinosamu, ambao hustahimili lakini huuzwa kwa bei ndogo, na kotonii, wenye bei nzuri zaidi lakini ambao hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto kali. Mwanafunzi anayesoma jiografia darasani angefahamu hapo, kwa nusu saa tu, jinsi ongezeko la joto la bahari linavyoingia katika mfuko wa mama mmoja wa kijijini. Nawaomba waendeshaji wasiifupishe sehemu hii hata kama wageni wana haraka.

Kutoka pwani tulipanda taratibu hadi nyuma ya kijiji, na hapo maelezo kuhusu ardhi yalikuwa ya kutosha. Upande wa magharibi wa Unguja una udongo mzito unaostawisha mikarafuu na mazao mengine ya miti. Huku mashariki mwa kisiwa kuna jiwe la matumbawe lenye udongo mdogo katika mianya yake, na mkulima hupanda muhogo, mbaazi au mtama pale jiwe linapomruhusu. Mvua haituami juu ya ardhi hii wala haifanyi mito. Hupenya katika jiwe, ikakusanyika chini ya ardhi, ikielea juu ya maji ya chumvi yaliyo mazito zaidi, na ndiyo maana mapango yenye maji yalikuwa na thamani kubwa kwa wakaazi, na ndiyo maana kisima kikivutwa kupita kiasi karibu na pwani huanza kutoa maji ya chumvi. Kwa kijiji ambacho sasa kina hoteli nyingi, jambo hili lilistahili kusemwa kwa sauti, na lilisemwa.

Pango la Kuumbi, lililoko ndani kidogo ya kisiwa kutoka kijijini, lilitajwa kwa sentensi moja tu. Hilo ni pungufu kubwa. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta humo dalili za watu waliokaa zaidi ya miaka 20,000 iliyopita, pamoja na mifupa ya wanyama kama punda milia, kutoka zama ambapo kina cha bahari kilikuwa chini na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Hakuna mahali pengine Zanzibar ambapo mtoto anaweza kuoneshwa kwa uwazi namna hiyo kwamba kisiwa chetu hakikuwa kisiwa siku zote.

Kasoro iliyo nzito zaidi inahusu watu. Tulielezwa Jambiani kama kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani, wazaliwa wa koo za zamani, na yote hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Wilaya ya Kusini, ambayo Jambiani imo ndani yake, ilihesabiwa kuwa na watu 39,242 katika sensa ya 2012 na watu 63,156 katika sensa ya 2022, yaani ongezeko la takriban asilimia 61, wakati Zanzibar nzima iliongezeka kwa asilimia 45, kutoka 1,303,569 hadi 1,889,773. Ongezeko la namna hiyo haliwezi kuwa la uzazi peke yake. Mafundi ujenzi, wapishi, walinzi na wauza vinyago waliotoka Bara, Pemba na Mjini wanaishi katika vyumba vya kupanga nyuma ya barabara kuu, na tulipita mbele ya milango yao bila ya neno lolote. Nilipouliza, kijana alijibu kwa adabu kwamba wageni hupenda kuona maisha ya asili. Namheshimu, lakini siafikiani naye: anayekaa, kufanya kazi na kumpeleka mtoto wake skuli hapo ni sehemu ya maisha ya Jambiani, na msongamano wa watu kati ya ufukwe uliojaa hoteli na maweni yasiyolimika kwa wepesi ni jambo la jiografia kama lilivyo la mwamba na bamvua.

Chakula cha mchana, wali wa nazi kwa mchuzi wa pweza, kilipikwa nyumbani kwa mwenyeji na kilikuwa kitamu. Malipo hukubaliwa kabla ya kuondoka, na mkaazi wa Zanzibar hutozwa chini ya mtalii, jambo ambalo ni la haki. Huduma hii naipendekeza bila kusita kwa familia na zaidi kwa skuli, na kwa skuli ningeshauri walimu waombe mapema pango la Kuumbi liingizwe katika safari. Siku ichaguliwe kwa kufuata mwezi, si kwa kufuata ratiba ya gari: siku chache baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu bamvua huwa kubwa na uwanda wote hukauka, ilhali siku za maji mafu, bahari inapotoka kidogo tu, mgeni hubaki ukingoni na hukosa nusu ya maelezo. Viatu vya kufunga ni lazima, kwa pwani na kwa maweni pia.