Diski za nyuma kwenye Coccinelle yangu: uzoefu wangu Bukavu

Gari langu ni Volkswagen Coccinelle (Beetle) 1300 ya 1971. Mbele lilikuwa na breki za diski tangu nilinunue, nyuma lilikuwa na breki za ngoma kama lilivyotoka kiwandani. Sasa nyuma pia ni diski, na limepita msimu mzima wa mvua hivyo. Wengi wananisimamisha kuniuliza kama inafaa. Inafaa, ila kwa breki ya mkono bado nina manung'uniko.

Kwa Bukavu hii, breki si urembo. Huku ni kupanda na kushuka, na aliyewahi kuteremka Ngomo kwenda Kamanyola anaijua ile harufu ya breki zilizoungua. Ngoma imefunikwa, joto halina pa kutokea. Ikishapata moto inatanuka na kukimbia viatu vyake, yaani vipande vinavyoisugua kutoka ndani, nawe unakanyaga pedeli inazidi kuzama. Ukivuka dimbwi nalo, maji yanabaki ndani, na mara ya kwanza kukanyaga gari linavutwa upande mmoja. Diski ni sahani ya chuma iliyo wazi: upepo unaipoza, maji yanarushwa nje.

Lakini kama gari lako lina ngoma mbele, usianze na nyuma, tafadhali. Ukikanyaga breki uzito mwingi unakimbilia mbele na nyuma panakuwa pepesi. Magurudumu ya nyuma yakiganda kabla ya yale ya mbele, mkia unataka kuupita uso, na kwenye lami iliyolowa hapo hakuna dereva hodari. Ni kweli Coccinelle inabeba injini nyuma, kwa hiyo breki zake za nyuma zina kazi kuliko za magari mengine mengi, ila kanuni ni ile ile. Volkswagen wenyewe walipoiwekea diski Coccinelle 1500, toleo la 1967, waliziweka mbele tu.

Seti niliagiza Ulaya kupitia shemeji yangu. Ilizidi dola 500 kabla ya usafiri na forodha, na kwangu hiyo ni pesa nyingi. Kabla ya kulipa, mtajie muuzaji mwaka wa gari na aina ya ekseli, kwani vifuniko vya beringi havifanani. Halafu uliza kama kalipa, zile taya zinazoibana diski, zina mkono wa kuvutia waya wa breki ya mkono. Zipo seti za bei ya chini zisizo nao kabisa. Kwa vilima vyetu, hizo ziache huko huko.

Kazi ilifanyika kwa fundi wangu wa siku zote kule Kadutu, na namsifu kwa moyo wote. Nati ya katikati ya gurudumu ni ya ufunguo wa 36, inakazwa karibu newtoni mita 300. Kuifungua ilibidi kuongezea bomba refu kwenye mpini na vijana wawili wasimame juu yake. Ngoma ilipotoka aliniita nione: mafuta ya gia yamevuja kupitia sili iliyochoka, viatu vyote vimelowa. Akasema, "Mzee, ukiweka diski mpya bila sili mpya, umetupa pesa." Sili zikabadilishwa zote mbili. Kabla ya kufunga kalipa alizigeuza mkononi kutafuta skrubu ya kutolea hewa, kwa sababu lazima ikae juu. Ukibadilisha ya kushoto kwa ya kulia inaingia vizuri tu, lakini skrubu inakuwa chini, hewa inajificha juu, na pedeli haitakaza hata ukamwaga lita ngapi za mafuta. Kisha akaondoa ile vali ndogo kwenye pampu kubwa ya breki, inayobakiza presha kidogo kwa ajili ya ngoma. Ikibaki, plaketi, yaani vipande vya kusugulia vilivyo ndani ya kalipa, hazitaiachia diski, zitasugua na kupata moto njia nzima.

Barabarani, jambo la kwanza utakalosikia ni pedeli nzito. Viatu vya ngoma vinajivuta vyenyewe gurudumu linapozunguka. Plaketi hazina msaada huo, na gari hili halina kisaidizi cha breki. Nimeshazoea. Ninachokipenda ni kwamba nikikanyaga kwenye mvua gari linasimama limenyooka, na nikifika chini ya mteremko mrefu pedeli iko pale pale ilipokuwa juu. Na ile kazi ya kuingiza bisibisi kwenye tundu kukaza viatu imekwisha.

Breki ya mkono ndiyo iliyonikatisha tamaa. Ngoma ilikuwa inashika kama kucha. Hizi kalipa, hata waya ukivutwa sawasawa, kwenye mteremko mkali zinaachia kidogo kidogo. Plaketi zilipokaa vizuri kwenye diski hali iliboreka, lakini bado nikiegesha naweka gia ya kwanza na jiwe nyuma ya tairi.

Mafuta ya breki tulitia mapya, ya daraja la DOT 4, na nitayabadilisha mapema kwa sababu yananyonya unyevu, na unyevu unashusha kiwango chake cha kuchemka. Mengine ni ya vipuri: kabla ya kuagiza, muulize muuzaji hizo kalipa asili yake ni za gari gani, uandike jina hilo. Plaketi zikiisha, ndilo utakalomtajia mwenye duka hapa mjini.