Fundi cherehani amkagua mdoli wa shilingi 35,000

Gauni la mtu mzima, la mikono mirefu, lenye bitana na zipu mgongoni, mimi hapa Ngamiani, Tanga, nalishona kwa 25,000. Kwa hiyo mke wangu aliponiambia kuna mama kule Chumbageni anauza mdoli wa kitambaa kwa 35,000, na mjukuu wetu keshamwona na keshamtaka, nilisema sitoi hela mpaka nimkague huyo mdoli mshono kwa mshono. Wa plastiki pale soko la Mgandini unampata kwa elfu nane, anafumba macho na anaimba mpaka betri iishe.

Nimemnunua. Sasa niwaeleze nilichokiona, na kilichonikera pia.

Urefu wake ni kama sentimita 40. Mwili ni marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichopikwa kwenye chai ya rangi. Ndani ni sufi, ile pamba ya mti wa msufi, nywele ni katani, na kavaa blauzi na kanga mbili, moja kiunoni na nyingine begani. Uso wote umedariziwa kwa mkono: hakuna kifungo wala shanga. Wenye watoto wa chini ya miaka mitatu walizingatie hilo, maana jicho la kifungo ndilo kitu cha kwanza mtoto hung'oa, na likishang'oka linakwenda mdomoni.

Kwanza nilimvua nguo. Nikashika bega, nikavuta pande mbili kwa nguvu ambayo mama mwenyewe hakuipenda, nikaona hata uzi haujaachama. Mishono yake ni midogo na imerudiwa, kama tunavyoshona msamba wa suruali ya dereva wa bodaboda. Shingo ndipo midoli mingi ya kitambaa hufia. Mtoto akimbeba siku chache, kichwa kinalala kifuani. Huyu shingo yake imeshindiliwa sufi mpaka ikawa ngumu, kisha kichwa kikazungushiwa mshono mara mbili.

Lakini kilichonifanya nitoe pochi ni vidole. Wengi wanaoshona midoli huacha kiganja kizima na kuchora mistari ya uzi juu yake. Mama huyu anashona kila kidole peke yake. Asiyeshona hataona ajabu yake, kwa hiyo nifafanue. Kidole kile kina unene wa penseli. Ukishakipiga cherehani lazima ukigeuze ndani nje, na kabla ya kugeuza unakata vipengo kwenye zile kona za katikati ya vidole, karibu kabisa na uzi bila kuugusa. Ukikata kidogo, kona inajikunja na mkono unakuwa na makunyanzi. Ukizidisha uzi mmoja tu, kidole kinaachia na mkono mzima unautupa. Kola ya shati ina kona mbili na wanafunzi wangu bado zinawatoa jasho. Mdoli huyu ana vidole kumi. Anavigeuzia kwa kijiti cha mshikaki alichokisugua ncha isitoboe kitambaa, na sufi anaisukuma kwa kijiti hichohicho, chembe kwa chembe.

Nilipiga hesabu ya fundi: kitambaa, sufi, katani na uzi havivuki elfu saba. Kinachobaki ni kazi, na kwa kazi ile angesema elfu hamsini nisingebisha. Ningenuna tu.

Anafanyia kazi barazani kwake. Pembeni ya cherehani kuna beseni la vichwa, vyote havina macho, vimelala kama viazi. Nikamuuliza, "Mama, hawa mbona umewaacha hivi?"

"Hao wanasubiri asubuhi, fundi. Uso siugusi usiku. Taa yenyewe ndiyo hii, na jicho likipinda kidogo, mdoli anaonekana mlevi."

Usiku anashindilia sufi na kuunga viungo, kazi ambazo mikono inazijua bila macho. Mchana wa jua kali anapika vitambaa. Asubuhi ni ya nyuso peke yake. Ana daftari la shule limejaa macho na midomo iliyochorwa kwa penseli, kurasa na kurasa, na kabla ya kudarizi analifungua, anaweka kichwa mapajani, anakitazama, analifunga tena. Nilikaa pale nikinywa chai yake (ya kunywa, si ile ya vitambaa) na katika muda wote ule alimaliza jicho moja.

Ufundi wa jicho lile kaurithi. Mama yake alikuwa akidarizi kofia za kuuza, zile za vitobo tunazovaa msikitini, ambazo moja tu hula miezi. Binti alikuwa anapewa kuzungushia uzi kwenye vitobo. Leo jicho la mdoli wake ni kitobo kilekile: anatoboa kitambaa, anazungushia uzi ukingoni kwa mishono ya kubanana, na nyuma anaweka kipande cheusi. Ndiyo maana macho yale yana kina. Midoli mingi yenye macho ya kuchorwa inatazama ukuta, huyu unahisi kakutazama wewe. Mke wangu humgeuzia ukutani usiku, lakini hayo ni yake.

Usimpelekee picha ya mwanao ukitaka afananishwe. Kuna mteja alileta picha, mama akashona, mzazi akasema pua ile siyo, bibi wa mtoto akasema ndiyo yenyewe hasa, ya upande wa baba. Ugomvi ukahamia kwenye ndoa ya watu. Tangu hapo hapokei picha.

Rangi ya ngozi unachagua. Chai peke yake inatoa maji ya kunde. Akitaka weusi anatia misumari yenye kutu kwenye sufuria. Chuma kikikutana na chai, kitambaa kinakuwa cheusi. Aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba kutu inakula uzi wa pamba polepole, kwa hiyo mdoli mweusi anamshonea kitambaa mara mbili. Muuzaji anayekutajia udhaifu wa bidhaa yake kabla hujalipa, mimi nampa alama. Mjukuu alichagua mweusi mwenye nyonga pana, akampa jina la Shangazi papo hapo. Shangazi mwenye nyonga zake alikuwepo. Tuendelee.

Kanga zimefuliwa kabla ya kukatwa. Nilijua kwa mkono tu, hazina dondo, ule ugumu wa kanga mpya, na hazikutoa rangi juu ya mwili. Ila kwenye kukata ameteleza. Kanga ni ya "Japo sipati tamaa sikati", na kwa kuwa mdoli ni mdogo yamebaki maneno mawili tu ya katikati. Kwa hiyo Shangazi anatembea na tangazo kiunoni: SIPATI TAMAA. Angekata kutoka kwenye mji wa kanga, au angeacha pindo peke yake, ingependeza zaidi na isingeleta kicheko kwa wageni.

Sasa nywele. Katani mimi naijua tangu utotoni, baba yangu alikuja mkoa huu kama manamba akakata mkonge Muheza, enzi ambazo hakuna nchi duniani iliyotoa katani kuliko sisi. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 kwa ajili ya kamba na magunia, na kwa kamba na magunia nauvulia kofia. Kichwani kwa mdoli, hapana. Mama anaichemsha, anaipaka mafuta, anaichana, na bado inamchoma mtoto shavuni akilala naye. Inapukutika pia, asubuhi shuka ina vijiti. Mke wangu alijaribu kumsuka twende kilioni, misuko ikafumuka kabla hajafika kisogoni. Watalii wanaipenda kwa kuwa ni ya Tanga. Ninyi mnaonunulia mtoto wa kucheza, ombeni nywele za uzi wa sufu. Anazo, bei ileile, na zinasukika hata mabutu.

Ana pia toleo la kitambaa la mwana hiti, yule wa Wazaramo na Wakwere anayechongwa kwa mti, asiye na mikono wala miguu, mwenye vishungi viwili kichwani, anayepewa mwali akiwa ndani. Kwa 20,000. Huyo sikumpenda. Vile vishungi vinataka kusimama, na kitambaa hakisimami bila kitu kigumu ndani. Vya kwake vimelegea vikawa masikio ya sungura. Mti uachiwe mchonga mti.

Kufua: mjukuu hakungoja maelekezo, alimwogesha Shangazi kwenye beseni siku hiyohiyo. Akaelea, uso juu, ametulia kabisa. Sufi haipokei maji, zamani ilitiwa hata kwenye majaketi ya kuokolea mabaharia. Alikauka vizuri kivulini, sufi ikajikusanya kidogo mapajani, nikaitawanya kwa vidole. Rangi imepauka magotini na kwenye ncha za vidole. Mtu anayetaka mdoli abaki kama alivyonunuliwa amweke kabatini, asimpe mtoto.

Kuhusu muda: alichelewa. Ahadi ilikuwa Ijumaa, Ijumaa ikafika, "bado uso, fundi", ikaja Ijumaa nyingine. Najua mtacheka, fundi cherehani analalamikia ahadi ya fundi mwenzake, lakini na mimi siku hiyo nilikuwa mteja. Hata mfuko wa kubebea hana, nilikabidhiwa mdoli mkononi, nikapanda naye baiskeli, akiwa amekaa mbele, mpaka Ngamiani. Salamu nilizopata njiani ni nyingi kuliko za siku ya harusi yangu.

Matengenezo anayafanya mwenyewe, kuanzia elfu tatu, na mshono ukifumuka wenyewe hatozi kitu. Malipo ni nusu kwanza, nusu ukichukua. Wa Idi wapeleke oda kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, maana ikifika kumi la mwisho la mfungo hapokei ya mtu yeyote, hata ukija na hela yote mkononi.