Uzoefu wangu na makochi ya mninga kutoka Keko: kabla ya kuangalia rangi, papasa

Wengi wetu huchagua samani kwa kuvutiwa na rangi na mng'ao, ilhali katika jiji lenye joto na unyevu kama Dar es Salaam ngozi ndiyo inayoshinda nazo kutwa. Kwa sababu hiyo, nilipoagiza makochi kwa fundi mmoja wa Keko, nilimweleza kwanza namna ninavyotaka yawe mkononi na mwilini.

Yeye alipendekeza leza, yaani ngozi ya bandia, kwa kuwa hufutika upesi. Nilichagua kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa uzi mnene, maana leza haipitishi hewa wala hainyonyi jasho, na aliyevaa kaptula huinuka imemganda mapajani. Ni kweli pamba hushika vumbi na madoa, hivyo foronya zote zina zipu ili zivuliwe na kufuliwa.

Kilichonifurahisha zaidi ni mbao. Mikono ya kochi ilipigwa msasa namba 80 ulio mkali, kisha 120, kisha 240 ulio laini, ndipo ikapakwa vanishi nyepesi isiyong'aa. Ukipitisha kiganja unazisikia nyuzi za mninga bila kukwaruzwa, raha ambayo vanishi nzito huizima kabisa. Hata hivyo, upande wa chini wa mikono hiyo, pale vidole vinapojikunja mtu akitaka kuinuka, msasa haukufika, na mwanangu alichomwa na kibanzi. Fundi alikuja kupalainisha bila malipo, lakini kazi hiyo ilipaswa kufanyika karakanani. Mteja apapase kila mahali pasipoonekana kabla ya kumalizia fedha.

Chini ya makochi kuna vigae, na juu yake hutandika mkeka wa ukindu. Vigae husemwa kuwa vya baridi, ingawa ndani ya chumba kimoja kigae na mkeka huwa na joto lilelile. Kigae hupokonya unyayo joto lake haraka, mkeka polepole. Ndiyo maana mchana wa Februari naukunja mkeka, na jioni za masika naurudisha, tukakaa chini huku kila mshono kati ya ukili (utepe uliosukwa) na ukili ukisikika nyayoni. Msimu huohuo wa mvua, mkeka unahitaji kuanikwa kila jua linapochomoza, la sivyo hushika ukungu upande wa chini, hasa ukitandikwa juu ya vigae vilivyotoka kudekiwa.