Semina ya wazee wa kanisa na wahazini, siku mbili: nimeenda, na haya ndo niliyoyaona

Mwaka huu nimechaguliwa mzee wa kanisa na palepale nikatupwa kamati ya fedha, mtu hata risiti sijawahi kuandika, ndo nikaamua kwenda hii semina ya siku mbili inayofanyika hosteli ya kanisa hapa Morogoro. Ada elfu 30 kwa kichwa, humo kuna chai, chakula cha mchana na daftari. Najua sharika nyingi zimetoka kwenye uchaguzi na watu wanaulizana kama inafaa. Inafaa sana, ila msiende wawili kama tulivyoenda sisi.

Kilichonishika ni zoezi la kuhesabu. Mwezeshaji ni mama mtu mzima, mhasibu mstaafu, akamwaga kikapu mezani: noti zimekunjwa mpaka zimekuwa kama karanga, sarafu za mia mbili, bahasha mbili za ahadi hazina jina, na yai moja. Akauliza, hili yai nani anaandika? Ukumbi kimyaa.

Mimi moyo ulinienda mbio maana sadaka za vitu kama hilo yai ndo zilizotuvuruga kwetu. Mnada wa baada ya ibada, jogoo anauzwa elfu 40, mnunuzi anasema ntaleta jumapili, watu wanapiga makofi na kutawanyika, hakuna aliyeandika, na miezi mitatu baadae ni minong'ono tu kwamba mhazini kala. Hakula hata shilingi, hela zenyewe hazikuwahi kumfikia mkononi. Aliandika barua ya kujiuzulu analia, na sisi tulimwacha aende. Kwahiyo yule mama aliposema mnahesabu watatu, mnasaini hapohapo kabla mtu hajatoka chumbani, kuku na ndizi vina ukurasa wao na jina la mnunuzi, hela benki jumatatu, nilielewa kwamba hizo taratibu zinamlinda yule mwaminifu kwanza.

Na hakuishia kwenye mahesabu, alifungua Biblia. 2 Wafalme 12, mfalme Yoashi mwaka wake wa 23 bado nyumba ya Bwana haijatengenezwa na fedha zilikuwa zinaletwa, ndo kuhani Yehoyada akachukua kasha akatoboa tundu kwenye kifuniko, na likijaa wanakuja mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu wanahesabu pamoja. Paulo nae kwenye 2 Wakorintho 8 anamtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya ule mchango. Yaani Paulo! Halafu Matendo 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku, na ukisoma majina ya wale saba waliochaguliwa kuisimamia, Stefano, Filipo, Prokoro mpaka Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Nimesoma hiyo sura tangu kipaimara sikuwahi kuliona hilo. Sisi kwetu tunachagua mwenye duka au mwenye gari, na anayejua kuomba kwa sauti, hatuulizi waliosahaulika wanamwamini nani.

Kasoro zipo. Tuliambiwa saa mbili tukaanza saa nne kasoro. Kipindi cha kompyuta, kompyuta moja watu zaidi ya 30, wa nyuma hatukuona kitu. Lipa namba waliigusa juujuu wakati siku hizi nusu ya sadaka inapita kwenye simu na swali la laini iko kwa jina la nani na meseji anapokea nani ni kubwa mno. Na lililoniuma zaidi, mtu aliuliza mara mbili kiongozi akishapoteza uaminifu anaondolewaje, mara zote mbili tukaambiwa tuombe. Kuomba tunaomba, ila tulitaka na utaratibu.

Mkienda, nendeni na mchungaji, mwenyekiti na mhazini kwa pamoja, maana mimi nimerudi na vitu vizuri nimeshindwa kumweleza mchungaji hata nusu yake. Bebeni na kitabu chenu cha mapato, kilekile cha ukweli, hata kama kinatia aibu. Yule mama mchana anaacha kula anakaa na wewe anakipitia ukurasa kwa ukurasa. Chetu kilitoka na alama nyekundu sehemu 11.

Awamu ijayo tumeshaandikisha wanne, na yule mhazini wetu aliyejiuzulu nilimfuata nyumbani, amekubali kwenda.