GIMP kwa picha za tovuti ya maktaba: ile kero ya kusevu ndo imenifanya nibaki nayo

Kila anayeanza kutumia GIMP, ile programu ya bure ya kuhariri picha kwenye kompyuta, analalamikia kitu kilekile. Umefungua picha ya JPEG, umeikata vizuri, unabonyeza Save, programu haikupi JPEG, inataka kukusevia faili la XCF, faili la kazi la GIMP yenyewe, ambalo huwezi kuliweka kwenye tovuti. Ukitaka JPEG lazima uende Export. Imekuwa hivyo tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012 na watu bado wananuna. Mimi nimeitumia miaka minne kwa kazi moja tu, kuandaa picha za tovuti ya maktaba, na nasema wazi kabisa hicho kinachonunisha watu ndo kimeipa maksi za juu kwangu.

Kabla ya hapo nilikuwa na programu nyingine nyepesi, ukibonyeza save inasevu palepale juu ya picha yako. Tulipiga picha ya pamoja siku mkutubi wetu mkuu anastaafu, nikaipunguza mpaka pikseli 600 kwa ajili ya ukurasa wa habari, nikasevu, halafu nikafuta ile ya kwenye simu maana simu ilikuwa imejaa. Miezi kadhaa baadaye wakaitaka waichapishe kubwa itundikwe ukutani. Pikseli 600 kwenye karatasi kubwa jamani! Sura zote vibokisi vibokisi, na ile siku hairudi. Iliniuma na mpaka leo inaniuma. Sisi ni watu wa kutunza vitu, ndo kazi yetu, halafu picha yetu wenyewe tunaiua kwa mkono wetu.

Kwa hiyo na GIMP utaratibu wangu ni huu: orijino inakaa kwenye folda yake haiguswi, kazi yangu nasevu XCF, na kinachoenda kwenye tovuti ni nakala niliyoekspoti. Angalizo moja tu, kwenye menyu ya File kuna mahali pameandikwa Overwrite, hapo ndo inaandika juu ya orijino kweli, usipaguse.

Sasa kwa nini kuihangaikia picha wakati unaweza kuiaplodi ilivyo? Chukua picha ya simu ya kawaida, pikseli 4000 kwa 3000, hiyo ni pikseli milioni 12, faili lake linakuja MB 4 au 5. Kwenye ukurasa inaonekana kwa upana wa pikseli 1200 au chini ya hapo. 1200 kwa 900 ni milioni moja na kidogo, yaani msomaji anabebeshwa mzigo mara kumi na moja ya anachokiona, na huyo msomaji yuko kwenye simu, intaneti inasuasua, alichotaka ni kujua tu maktaba inafungwa saa ngapi. Ukienda Scale Image ukaandika 1200 kwenye upana (ule mnyororo wa pembeni uwe umeunganika ili urefu ujirekebishe wenyewe), kisha ukaekspoti JPEG kwa ubora wa 80, mimi huwa napata faili la KB 150 mpaka 250 hivi. Pale kwenye dirisha la kuekspoti weka tiki kwenye preview, utaona picha na uzito wake vinabadilika unavyosogeza kitelezi, na hapo ndo unajua ushuke mpaka wapi. Mabango yenye maandishi mengi JPEG inayachafua pembeni ya herufi, hayo nayapeleka PNG, aina ya faili la picha isiyochafua herufi. WebP, aina nyingine tena, nayo ipo na mara nyingi inakuwa nyepesi zaidi, ila hakikisha kwanza mfumo wa tovuti yenu unaikubali.

Na hili la DPI, yaani nukta kwa kila inchi ya karatasi, naomba tuliache jamani. Kuna watu wanabadilisha 300 kuwa 72 wanasema picha imeshaandaliwa kwa ajili ya wavuti, pikseli ziko zilezile 4000, uzito uleule. Namba hiyo ni ya printa. Kwenye tovuti kinachohesabiwa ni pikseli basi.

Kitu ninachokipenda zaidi kwenye kazi ya kila siku ni ile tool ya Perspective. Majalada ya vitabu vipya tunayapiga mezani, mtu anasimama anapiga kwa mshazari ili kivuli chake kisiingie, kitabu kinatoka kimepanuka chini kimebanwa juu. Unaiweka tool kwenye Corrective, unapeleka zile kona nne za gridi kwenye kona nne za jalada, unabonyeza Transform, jalada linanyooka kama limewekwa kwenye skana. Mara ya kwanza niliangalia nikarudia tena na tena kwa furaha tu. Rafu zilizopinda nazo unazinyoosha kwa tool ya kupimia, vuta mstari kwenye ubao wa rafu halafu bonyeza Straighten, sekunde tatu. Na kwa wale ambao maktaba zao zina taa za tyubu zinazotoa picha za kijanikijani au njano, anza na Auto White Balance, si kila mara inapatia ila mara nyingi inakusogeza.

Halafu kuna jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha, faragha ya wasomaji. Nilikuwa naandaa picha ya kaunta ya kuazimia, nzuri, mhudumu anatabasamu, nikabonyeza 1 ili niione kwa ukubwa wake kamili, nikateremka kuangalia kama imetulia, kumbe kioo cha kompyuta nyuma yake kimewashwa na jina la msomaji linasomeka, na chini yake orodha ya vitabu alivyoazima. Ikiwa ndogo huoni kitu, ikikuzwa unasoma mstari kwa mstari. Tangu siku hiyo kila picha naipitia kwa ukubwa kamili kona hadi kona kabla ya kuipunguza: vioo, karatasi mezani, kadi za uanachama. Nikikuta kitu kama hicho nakata, na kama haikatiki nafunika kwa rangi nzima, siweki ukungu, maana maandishi yaliyowekewa ukungu kidogo mtu anaweza kuyakisia. Kumbuka pia ukikata kwenye GIMP bila kuweka tiki kwenye Delete cropped pixels, ile sehemu uliyoikata bado imo ndani ya XCF, imefichwa tu pembeni. JPEG inatoka safi, lakini hiyo XCF usimtumie mtu wa nje. Na wakati wa kuekspoti natoa tiki kwenye Exif (taarifa zinazofichwa ndani ya faili la picha) na thumbnail (kipicha kidogo cha onyesho), kwa sababu simu huwa inaandika kwenye Exif mahali picha ilipopigwa, na picha za watoto wa saa ya hadithi, hata kama wazazi wamesharidhia, hazihitaji kutembea na ramani.

Mapungufu yapo. Ukifungua mara ya kwanza aikoni zinakuchanganya, tool zimefichana nyuma ya nyingine, wiki mbili za mwanzo nilikuwa natafuta tu. Kubwa zaidi ni picha nyingi kwa mkupuo. Baada ya tamasha una picha 60 zote zinataka kupunguzwa, GIMP haina njia nyepesi ya kufanya hivyo, labda uandike skripti au utafute plagini. Hapo mimi naiacha naenda ImageMagick, programu ya picha unayoiendesha kwa kuandika amri, nayo ni ya bure, amri ya mogrify mstari mmoja inapunguza folda zima, ila lazima umwambie kwa -path aweke nakala kwenye folda nyingine, ukisahau anaandika juu ya orijino zako zote, na tumesharudi kwenye ile picha ya kustaafu.

Toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025 limeniongezea sababu ya kutunza XCF. Zile filta sasa zinabaki hai kwenye leya (tabaka la picha), unaweza kurudi kuzibadilisha baadaye. Juzi picha ya chumba cha kusomea ilionekana sawa kwangu, kwenye kompyuta za wasomaji ikawa nyeusi mno upande wa madirisha. Nikafungua XCF yake, nikasogeza kitelezi kilekile nilichokiweka mwezi uliopita, nikaekspoti upya kwa jina lilelile. Haikuchukua hata dakika mbili.