Kitako cha Magpul Hunter kwenye Remington 700: kinalipa?

Karibuni watazamaji. Mezani kuna bunduki ya kuwindia ya Remington 700 SPS, eksheni fupi (eksheni ni mwili wa chuma unaobeba bolti), na kitako cha Magpul Hunter 700.

Anza na kitako cha kiwandani. Nabana mtutu na sehemu ya mbele ya kitako kwa vidole: plastiki inapinda, inagusa mtutu. Ukiegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, mguso huo hubadilika na risasi hutawanyika. Pesa unalipia kuondoa hilo, sura ni ziada. Hunter ina kitalu cha alumini ndani, yaani kipande kigumu, na chuma cha bunduki (eksheni pamoja na mtutu) hukalia hapo.

Kabla ya kununua, angalia chini ya magazini. Bunduki ya aina ya BDL ina mfuniko unaofunguka; ADL haina, itakudai vifaa vya ziada.

Toa risasi zote, chungulia chemba, chomoa bolti. Fungua skrubu mbili za chini, hamishia chuma kwenye kitako kipya. Simamisha bunduki, mdomo wa mtutu juu, gonga kitako sakafuni taratibu ili jino la kupokea msukumo likae nyuma kabisa. Kaza ya mbele, kisha ya nyuma, kwa zamu, hadi inchi-pauni 65, yaani kama nyutoni-mita 7.3. Tumia spana ya kupimia mkazo. Kitako cha mbao kisicho na kitalu usikipe mkazo huo, mbao zitabonyea.

Sasa rudisha bolti. Ikigoma kufunga, legeza skrubu ya mbele mzunguko mmoja. Ikilainika, mwizi umempata: skrubu ni ndefu, ncha yake inagusa meno ya bolti. Ifupishe. Halafu, bila risasi, jaribu triga na sefti (kizuizi cha usalama) mara nyingi. Zikisugua kitako popote, bunduki hiyo haiendi porini. Hapa sitaki mzaha kabisa.

Pitisha karatasi kati ya mtutu na kitako mpaka karibu na chemba. Kisha weka kidole kwenye mwachano huo, legeza skrubu ya mbele: ukihisi mtutu unaruka, chuma kilikuwa kinapindishwa.

Urefu wa kitako, toka triga hadi mwisho wa nyuma, unarekebishwa kwa vipande vya nusu inchi, toka inchi 13 hadi 15. Mwenye koti zito la baridi atashukuru. Uzito wa kitako ni takriban kilo 1.3, kwa kupanda milima siupendekezi, kwa kuvizia ukiwa umekaa ni mzuri sana.

Ukimaliza, lenga upya kwa mita 100. Shabaha ya zamani haipo tena.