Hilux Vigo 2.5 D-4D ya mtumba hapa Tanga: nimeikagua, haya ndo maoni yangu

Wakuu, kama unatafuta pikapu ya dizeli ya mtumba kwa ajili ya kazi, na kazi naongelea ile ya kushusha ndizi na iliki kutoka Amani, kubeba machungwa Muheza, siku nyingine mifuko ya simenti toka Pongwe kwenda Pangani, basi Toyota Hilux Vigo yenye injini ya 2KD, ile ya 2.5 D-4D (dizeli ya Toyota ambayo mafuta yake yanaongozwa na kompyuta), ni gari ambayo ningemshauri ndugu yangu wa damu anunue, ila ahakikishe vitu viwili kwanza, injekta, yaani vile vifaa vya kupulizia dizeli kwenye silinda, na chesisi. Hivyo viwili vikiwa vizima mengine yote yanarekebishika hapahapa mjini. Vikiwa vibovu, hata upunguziwe bei vipi, utaanza kulipa upya wiki ileile uliyonunua.

Gari yenyewe niliyoikagua iko Chumbageni, dabo kebini ya 2008, manyuo, foo wili, namba C (herufi za pleti zinaanza na C), mwenye nayo ni mzee mmoja mstaafu na anataka milioni 35. Kwa macho inavutia sana, nyeupe inang'aa, viti vina kava mpya, redio ile ya skrini kubwa. Mimi hivyo nimevipita haraka kwa sababu rangi ni puti na kompresa tu, pale Ngamiani kuna vijana wanakunyooshea bodi mpaka ukiileta gari kwako majirani wanadhani umetoka nayo yadi.

Halafu kuna hili la namba. Dalali akishakwambia "hii namba D boss" watu tunapandisha bei wenyewe kichwani, wakati herufi za kwenye pleti zinakwambia gari imesajiliwa lini Tanzania, hazikwambii imetengenezwa lini wala imeishi wapi kabla ya kuja. Gari ya 2006 inaweza kuwa na namba D safi kabisa. Angalia namba ya chesisi, kwenye Vigo imegongwa kwenye chuma chenyewe upande wa tairi la mbele kulia, ilinganishe na kadi herufi kwa herufi. Ikianza na MR0 imetengenezwa Thailand, ikianza na AHT ni Afrika Kusini. Na uulize ilitumika wapi, kwa sababu zile zilizoishi Uingereza barabara zao wanamwaga chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, kwahiyo juu gari inapendeza na chini imeoza. Hii ya mzee inaanza na MR0 na kwenye makaratasi yake haikupitia Uingereza, hapo nikapumua.

Sasa injini, na hapa nitaongea sana kwa sababu ndo pesa ilipo. Siku moja kabla nilimpigia mzee, "shikamoo mzee, naomba kesho asubuhi usiiwashe mpaka nifike na fundi", akanijibu "marahaba mwanangu, njoo tu, haitaguswa". Hili ombeni kila mara, na mkifika kabla ya kuongea chochote fungua boneti uweke kiganja kwenye injini, kama ina joto jua mwenye gari ameshaiamsha na kuna kitu hataki ukisikie. Dizeli ikiwa imepoa ndo inasema ukweli wake. Hii ilikuwa baridi kabisa. Tukawasha swichi, taa ya hita ikawaka ikazima, fundi akapiga stata, ikashika mara ya kwanza bila kusumbua, lakini ikaanza na kugonga, kok kok kok kok, mlio mkavu wa chuma juu ya injini, na nyuma moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi. Ilivyopata moto kidogo mlio ukapungua ukawa ule wa kawaida na moshi ukaisha. Mzee akasema "ndo zilivyo hizi". Fundi wangu hakubishana nae, akaniambia tu kwa sauti ya chini, "mwanangu, hapo kuna injekta inalia".

Tukamwita kijana wa umeme mwenye laptopu ya kusomea hizi gari. Kwenye D-4D kila silinda ina namba inayoonyesha kompyuta ya gari inaongeza au inapunguza mafuta kiasi gani ili injini itulie, na namba nzuri inakaa karibu na sifuri. Silinda tatu zilikuwa hazijafika hata moja, ya nne ilikuwa imepita tatu na inacheza, haitulii. Nilimwomba mzee aje aone mwenyewe kwenye skrini, akavaa miwani akaangalia, akauliza maswali ya maana kabisa. Hiki kipimo ni hela ndogo sana ukilinganisha na bei ya gari na sielewi kwanini mtu anatoa mamilioni bila kukifanya, huko ndo kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwanini nasisitiza injekta? Kwa sababu kwenye hizi injini, 2KD na kaka yake 1KD ya 3.0, mafuta yanasukumwa kwa presha kubwa mno na injekta ni kifaa cha kuchezesha kwa umeme, sio nozo ya zamani. Uchafu kidogo au maji kwenye dizeli inaharibika. Na chini ya injekta kuna pete za shaba, mafundi wanaziita washa, zikichoka moto wa silinda unapenya kwenda juu kwenye oili, oili inaungua inakuwa masizi mazito, masizi yanashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, yanaziba chujio la pampu ya oili, presha ya oili inakufa, na baada ya hapo unaongelea injini nyingine. Yaani kitu kinachoanza na kapete kadogo kinaishia kwenye kushusha injini. Kwahiyo fungua kifuniko cha oili uchungulie. Usiangalie weusi, oili ya dizeli ni nyeusi siku zote, ichezee kwenye vidole, angalia kama kuna utope au vipande vimeganda chini ya kifuniko. Kwa mzee kulikuwa kweusi ila laini, hakuna utope. Kifuniko kikiwa wazi na injini inaunguruma uangalie pia kama inapuliza moshi kwa nguvu, ikipuliza mpaka kifuniko ukikiegesha kinaruka ujue ringi za pistoni zimekwisha. Hii ilikuwa inahema kidogo tu.

Moshi wengine tunachanganya: wa bluu inakula oili, mweusi ukikanyaga mafuta ni mengi kuliko hewa, inaweza kuwa injekta au hata chujio la hewa chafu tu, mweupe usioisha hata ikipata moto ni wa kuogopa, hasa kama maji ya rejeta yanapungua.

Kitu kingine, belti ya taiming. 2KD inatumia belti, na kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT ya kukumbusha. Ila hiyo taa inaweza kurudishwa sifuri bila belti kubadilishwa, kwahiyo taa kuzima sio ushahidi wa chochote. Mzee hana risiti ya belti. Mimi nimeihesabu kama haijabadilishwa, basi. Mailiji nayo sikuijali, mita inarudishwa, angalia pedali ya klachi ilivyolika, usukani, na kiti cha dereva.

Chesisi sasa. Sisi watu wa pwani hili ndo la kwetu. Pikapu iliyobeba samaki Deep Sea au iliyofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule Mkinga, maji ya chumvi yanachuruzika kutoka kwenye bodi ya nyuma yanaingia kwenye chesisi kwa ndani, na chesisi ni boksi, inaoza kuanzia ndani kuja nje, juu unaona rangi nyeusi imepakwa vizuri tu. Fundi alilala chini na bisibisi na nyundo ndogo. Anagonga kidogo kidogo kuanzia nyuma ya kebini kwenda mwisho, chuma kizima kinatoa sauti kali, kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Pale springi ya nyuma inaposhika kwenye chesisi ndo alikaa muda mrefu, akachokoa kwa bisibisi, kutu ikadondoka unga unga, chini yake chuma kigumu, bisibisi haikuingia. Hakuna sehemu iliyochomelewa. Ila springi za nyuma zimeongezwa jani kila upande, maana yake hii gari ya tani moja imeshabebeshwa zaidi ya tani moja, na zaidi ya mara moja. Sio kosa la kuikimbia, karibu kila pikapu ya huku imefanyiwa hivyo, lakini ukiona jani limeongezwa kagua difu na bearing za nyuma kwa makini. Difu ilikuwa inavuja oili kidogo kwenye sili, kitu kidogo.

Tuliiendesha mpaka Pongwe na kurudi. Inavuta vizuri, tabo inaitika mapema, klachi haitelezi. Foo wili tukaijaribu Sahare kwenye mchanga, ikaingia na ikatoka, pamoja na ile nzito ya L4. Usije ukaijaribu foo wili ya Hilux kwenye lami kavu kwa kukata kona, haina difu ya katikati, unajivunjia vyuma bure.

Kuna watu wataniuliza kwanini nisichukue Hilux ya injini ya 5L, ile dizeli ya zamani isiyo na kompyuta, yakaisha. Swali zuri na nimelifikiria sana. 5L ni cc 2986, haina tabo, mafuta yanaingia kwa mfumo wa zamani ambao hauna ukali wa presha kama D-4D, na ndo injini ileile ya Hiace, kwahiyo kuanzia Kange mpaka Korogwe hukosi fundi aliyeifungua na hukosi spea. Dizeli ya kwenye madumu inaivumilia kuliko D-4D, sio kwamba inaipenda. Kwa mtu anayeishi Amani juu au ndani ndani huko Kilindi, ambako laptopu ya kusomea gari haipo na gari ikilala imelala, namwambia bila kusita achukue 5L, awe na subira tu kwenye mlima, maana ukitoka Kisiwani kupanda na mzigo ni gia ya pili na ya kwanza, na nyuma yako bodaboda zinakupita. Ila mimi njia yangu kubwa ni Tanga, Muheza, Korogwe, lami, mzigo wa kuwahi sokoni Mgandini alfajiri, na mafuta naweka kwenye vituo ninavyoviamini. Kwa njia hiyo 2.5 inakimbia vizuri zaidi na inakula kidogo. Na dabo kebini inanisaidia, vijana wa kupakia wanakaa ndani, hawakai juu ya matenga.

Ukichukua D-4D kubali na masharti yake: mwaga maji kwenye chujio la dizeli mara kwa mara, badilisha chujio mapema kabla ya muda wake, na kituo kilichowahi kukuuzia mafuta yaliyochakachuliwa usirudi hata kama kipo jirani na kwako. Bei ya mafuta ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, inatoka kila mwezi na Tanga ina bei yake kwa mafuta yanayoshukia bandari yetu, kwahiyo ukikuta mtu anauza chini sana kuliko wenzake jiulize kwanza.

Makaratasi nitasema kifupi. Kadi halisi, sio kopi, jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia, hakikisha TRA kwamba haina tatizo na haijawekwa rehani ya mkopo, angalia deni la faini za trafiki na la paking kwa namba ya gari, mkataba uandikwe mbele ya wakili, na ubadilishe umiliki mara moja. Kuna mtu namfahamu hapa mjini anaendesha gari ambayo kwenye mfumo bado ni ya marehemu, kila akitaka kuiuza inakuwa kesi ya familia.

Mimi nimempa mzee milioni 31. Sikutaja tu namba, nilikaa nae barazani nikamwandikia kwenye karatasi: injekta nne za Denso, kwa sababu ukibadilisha moja tatu zilizobaki zina umri uleule, washa zake zote, belti na tensheni yake, sili ya difu, na kazi ya fundi. Hakukasirika, aliisoma karatasi yote akaikunja akaweka mfukoni, akasema ataongea na wanae atanijibu baada ya swala ya Ijumaa. Akikubali gari inaenda gereji kwanza kabla haijabeba hata tenga moja. Akikataa, kuna singo kebini ya 5L nimeelekezwa Korogwe, nitamchukua fundi yuleyule na nyundo yake tuende tukaigonge.